Ubao wa Pasi

Watoto wa Sahare waliupa jina kabla yetu:
ubao wa pasi.
"Bi Mwanamkasi kapanda pasi!" wanapiga kelele ukutani,
nami, miaka hamsini na minane, magoti mawili yasiyosikilizana,
nimesimama katikati ya ghuba
kama shati linalosubiri kunyooshwa.

Huku hakuna wimbi la kupanda.
Ghuba yetu imelala, kisiwa kimeikinga kama mlango ulioegeshwa,
na wale wa kwenye runinga, wanaoteleza juu ya vilima vya maji,
hapa wangeshinda kutwa wakipiga miayo.
Lakini ubao haukuuliza wimbi. Uliuliza nyayo tu:
ziko wapi, na zina uzito gani.

Miaka thelathini na mmoja nilipiga mihuri bandarini.
Katani inatoka, mbolea inaingia,
nguzo, mabomba, ngano,
bahari nzima ilipita chini ya mkono wangu
na sikuwahi kulowa hata ukucha.
Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na mfuko wa mchele.
Mtaalamu wa viungo kule Bombo akanipa zoezi:
simama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki.
Nikaanguka na mswaki wangu.

Shekiondo ndiye aliyeanza,
na mbao mbili za kujaza upepo
alizoachiwa na Mfini mmoja aliyehama na paka wake.
Ulipotoboka mmoja tuliupeleka Ngamiani kwa fundi baiskeli.
Akaupaka sabuni, akangoja povu liseme,
akabandika kiraka cha tyubu, akadai elfu moja,
akauliza, "Magurudumu yake mmeyaacha wapi?"

Jumamosi hii tuko kumi na mmoja.
Hiza wa trafiki, ambaye mjini husimamisha malori kwa kidole,
hapa anatambaa, anamwomba Mungu kwa Kisambaa.
Muuza mbaazi wa Chumbageni hasemi neno.
Ameshabeba sufuria kichwani nusu ya umri wake;
shingo yake ilijua haya zamani.
Na wahenga, tuwaombe radhi:
walisema ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge.
Sisi hatukuvua. Tuliingia na madera,
na mitandio tuliyoibana kwa pini,
na tukaoga vilevile.

Kwanza magoti.
Kisha mguu mmoja, taratibu,
kama anayetaka kuondoka matangani bila kuonekana.
Kisha wa pili.
"Usitazame miguu," anasema Shekiondo, "tazama uendako."
Nikatazama miguu.

Maji ya Raskazone yana chumvi
kuliko nilivyopata kuandika.

Mara ya tano, au ya sita, sikuanguka.
Hakuna aliyepiga makofi, kila mtu alikuwa na ubao wake wa kuushughulikia.
Nikapiga kafi, nikapiga tena,
hadi kelele za ukutani zikawa kama redio ya jirani.
Nikatazama chini, safari hii kwa kutaka.

Baiskeli.
Imelala ubavu kwenye nyasi za bahari,
usukani umeota matumbawe,
visamaki vinaingia na kutoka kwenye spoku
kama vina shughuli sokoni.
Ya nani? Iliingia lini? Hakuna karatasi,
hakuna muhuri, mimi ningejua.

Nikazamisha kafi upande wa kulia,
nikaipita kwa kushoto.