Nusu Inchi

Mfumo mpya ulishuka usiku wa Jumatano
bila hodi. Asubuhi, Ruwi, ghorofa ya tatu,
simu ilikuwa imekwisha choka kulia
kabla sijavua viatu.

"Ghaniya," akasema Bi Zeyana kutoka Nizwa,
"kompyuta imeamka haimjui mtu."

Programu ile niliiandika mimi
enzi bado sijaijua kazi ya kukataa kazi:
vipimo vya kanzu, bega, kifua, mkono, shingo,
urefu wa kishada,
wateja elfu tatu na mia mbili,
baadhi yao wamekwisha shonewa
ile nguo isiyoulizwa kipimo.

Walioutengeneza mfumo hawamjui Bi Zeyana.
Wamebomoa ngazi ya zamani
kwa sababu wezi walikuwa wakiipanda,
na ni kweli, walikuwa wakiipanda.
Lakini sisi tumejenga chumba juu yake,
na wapangaji wanatuuliza sisi:
tushukie wapi?

Muhsin, mshirika wangu, alipiga hesabu
juu ya karatasi ya sambusa, wino ukienea kwenye mafuta.
Tukiwabeba wa zamani: mishahara ya miezi minne,
na toleo la simu wanalolililia vijana wa Al Khuwair
lilale.
Tukiwaacha: maduka sitini na moja
yajifunze jina la mshindani wetu.
"Mshika mbili," akaanza.
Nikamwambia amalize sambusa.

Nikaandika upya. Wiki tano.
Nilipofika kwenye shingo nikakuta kosa,
langu mwenyewe, la miaka kumi na tisa:
kila shingo inachapwa na nusu inchi ya ziada.
Nikaona haya, kama aliyeonyeshwa mbele ya wageni
picha yake ya utotoni, kamasi zikimtoka.
Nikalisahihisha. Sikumwambia mtu.

Siku sita kabla ya Idi
kanzu arobaini na tatu zilikataa kupita vichwani.

Nikaendesha gari, Fanja, Sumail, Izki,
kiyoyozi kikinipulizia vumbi la mwaka jana.
Rafiqul, fundi, hakupandisha sauti.
Kwa Kiarabu chake kifupi kama uzi uliobaki sindanoni
akanieleza: mashine ikisema kumi na sita,
mimi nakata kumi na tano na nusu.
Tangu siku ya kwanza.
Nani asiyejua?

Mimi.
Kosa langu lilikwisha pata mkono wa kulishika,
likaoga, likavaa, likaitwa kipimo,
na mimi nimekuja na ukweli wangu
kuwakaba watu shingo.

Tulikaa chini mpaka alfajiri tukifumua kwa wembe,
Rafiqul, mimi, na Bi Zeyana aliyekuwa akihesabu
kwa sauti, ili nisikie.

Nimelirudisha kosa.
Nimelipa chumba chake ndani ya toleo jipya,
na juu ya mlango, kwa Kiswahili,
maana Muhsin ndiye atakayelikuta, nimeandika:
usiguse, kuna mtu amesimama hapa.

Bi Zeyana amelipa riali thelathini za mwaka,
zile zile, na kopo la halwa
lililofungwa kwa hasira.
Toleo la simu bado limelala.

Leo kioo kinaniuliza tena, kwa adabu yote:
nisasishe sasa, au usiku huu?
Natafuta kitufe cha tatu,
kile cha kusema
ngoja kwanza nimuulize Rafiqul.