Vidole Viwili Nyuma

Picha ya kwanza kurudishwa ilikuwa ya Mzee Wambede:
hereni za mkewe zinang'aa kama zimesuguliwa leo,
macho yake yamezama ndani ya maziwa.
"Umempiga masikio," mzee akaniambia,
akaiacha bahasha kaunta, na salio hakulipa.

Nikaulaumu mkono wangu. Nikailaumu chai ya asubuhi.
Nikailaumu taa ya tyubu inayotetema darini.
Lenzi nikaifuta kwa shati mpaka shati likachoka.
Ikarudi ya pili, ya ubatizo. Ya tatu, ya mahafali.

Jumapili Mbale imelala,
mvua imekaa juu ya Wanale, haijaamua.
Nikafunga mlango wa studio, nikazima tyubu, nikafungua dirisha,
nikaiweka kamera kitako
kama shahidi.

Miguu mitatu, skrubu nikaikaza hadi ikalia.
Rula ya mbao ya mwanangu, yenye alama za meno yake,
nikailaza mshazari juu ya vitabu vya hesabu.
Betri tano nikazipanga kandokando yake,
kila moja nyuma kidogo ya mwenzake,
kama watoto wanaosubiri uji.
Tundu la lenzi nikalifungua lote, moja nukta nane,
pale uongo unapokosa pa kujificha.
Nukta moja tu ya fokasi, ya katikati.
Sikuigusa. Nikaiachia ihesabu sekunde zake kumi,
nami nikazuia pumzi, ingawa hakuna aliyeniomba.

Betri ya tatu ndiyo niliyoilenga.
Ya nne ndiyo iliyokuja.

Nikaivuruga fokasi kwa mkono, nikarudia. Ya nne.
Mara kumi nikarudia, maana kukosea mara moja ni kwa kila mtu;
lakini hii ilikosea kwa nidhamu,
vidole viwili nyuma,
vidole viwili nyuma,
kama mtu aliyeapa.

Nikaingia kwenye menyu, chini kabisa, nisikowahi kufika
miaka minne niliyoishi na mashine hii.
Hasi tatu. Hasi tano.
Hasi saba: betri ya tatu ikasimama,
hata kutu ya kitako chake naisoma.
Nilicheka peke yangu, na mvua ndipo ikaamua.

Kisha, sijui kwa nini, nikaifungua bahasha ya mzee.
Safari hii najua pa kutazama.
Nyuma ya macho, sambamba na hereni,
mkono unanyoosha bega la gomesi lisilale.
Kucha zimeumwa. Uzi wa manjano kwenye kifundo.
Kila kinyweleo kimehesabika.
Ni Khainza, binti yao, aliyerudi Februari na mtoto tumboni,
ambaye mzee alimwambia siku ile, bila kugeuka,
"Wewe kaa pembeni, usionekane."

Kamera nimeirekebisha.
Ile picha sikuifuta.

Jumatatu nikapiga simu. Njooni, nikasema, nimeitibu, sitaki hela.
"Nimlete nani?"
Mama, nikasema. Na mwenye mkono.

Laini ikakaa kimya. Nikasikia kuku wao,
nikasikia mtu akisogeza sufuria,
nikadhani salio langu limekwisha.
Kisha mzee akakohoa,
akauliza kama studio ina kiti cha tatu.