Kushinda

Tarehe tisa Novemba, mjini Merthyr,
watu watatu nyuma ya meza walinitazama
nikivua koti kwa mkono mmoja.
Wakanong'onezana. Wakasema: umeshinda.
Gwilym alinibusu mlangoni pa baraza.
Nikashuka ngazi kwa makalio, moja moja, nikicheka.

Sasa ni Februari, na bado nashinda.
Nashinda dirishani. Nashinda na simu sikioni,
kinanda kilekile, sauti ileile:
simu yako ni muhimu kwetu.
Jana alipokea msichana, Carys, mwenye mafua.
Faili lako liko mezani, alisema.
Meza ya nani?
Hakujua. Akaniomba radhi kwa kupiga chafya.

Subira yavuta heri, wasemao husema.
Yangu yavuta mguu wa kushoto
toka kitandani hadi kwenye mita ya umeme:
paundi moja na peni arobaini.
Gwilym ameuza tarumbeta ya bendi ya mgodi.
Ilikuwa inakula nafasi tu, anasema,
na vidole vyake vitatu vinabonyeza hewa
juu ya kitambaa cha meza.

Mwenye nyumba nilimwonyesha hukumu, na muhuri wake.
Aliisoma yote, miwani puani, kwa heshima.
Akanipongeza.
Akauliza kodi.

Jioni mama hupiga simu kutoka Aberdare.
Umeshindaje leo, mwanangu?
Nimeshinda, mama, nasema,
nikiizima taa ya jikoni.
Njaa siitaji.