Kujikanda

Kilomita ya kumi na nane, pale Mabatini,
shavu la mguu wa kushoto likajifunga fundo
kama pindo la kanga lenye hela.
Nikamaliza nikichechemea, wa mia tatu na kitu.
Mtangazaji hakuweza kutamka Nkwimba,
akaniita Mkwiba. Watu wakacheka.
Nami nikacheka, nikakaa palepale kwenye lami.

Sasa ni usiku, Isamilo, chumba kilichobanwa na mawe.
Ngazi arobaini na mbili kutoka barabarani:
nimezipanda kwa makalio, kinyumenyume.
Beseni la maji moto. Konzi ya chumvi.
Mafuta ya sangara ndani ya kopo la siagi.
Paka wa jirani keshapata habari, yuko mlangoni.

Naanzia chini. Wayo juu ya jiwe la duara
nililoliokota Luchelele mwaka niliohamia mjini;
nalizungusha, kisigino mpaka vidole,
nalo linanielekeza: hapa. Hapa. Si hapo.
Kisha gumba juu ya kano.
Usibonyeze kama uliyekamata mwizi,
bonyeza kama anayechagua parachichi.
Subiri. Pumua. Panda kuelekea moyoni.

Paja lina nyama nyingi, vidole havifui dafu.
Nikachukua mti wa chapati.
Ndiyo, uleule.
Toka gotini hadi nyongani, Msukuma najisukuma,
meno nimeyauma, machozi yananilenga,
mpaka Minza akachomoza kichwa kwenye chandarua:
"Mama! Na kesho watu watakula?"
Nitauosha, mwanangu. Nitauosha mara mbili.

Lakini si ndiyo kazi ileile?
Unga ukikaza haupigwi. Unakandwa,
halafu unafunikwa kitambaa, unaachwa ulale.
Miaka kumi na mitano nawaimbia hivyo wasichana wa kibandani,
huku mwili wangu nikiuendesha
kama punda wa kukodi.

Mara ya mwisho kukandwa na mikono isiyo yangu
ilikuwa arobaini ya huyu Minza.
Mama mkwe, maji yanafuka, kitambaa kinakamuliwa,
nami napiga mayowe, naye ananiambia: lia, ndiyo yanatoka.
Hakuniuliza panapouma. Alikuwa anajua.
Mimi sijui, nauliza. Nauhoji mguu
kama mgeni aliyebisha hodi usiku:
umetoka wapi, umebeba nini,
mbona siku zote hukusema?

Kimya.
Ila lile fundo, nilipokwisha kulikatia tamaa,
mawazo yangu yako kwenye bei ya ngano,
likalegea chini ya gumba, ghafla,
kama mtoto anayepitiwa na usingizi
huku bado anabisha kwamba halali.

Nikatulia, nisilishtue.

Bado wa kulia.
Paka ameingia, ananilamba ugoko.