Kuitika

Shangazi Ghaniya alifika kliniki ya Mabela na miadi minne:
saa ile ile, daktari yule yule, goti lile lile.
Msajili alipocheka, akamnyooshea simu:
"Nimebonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.
Basi nifanye nini, nikae nikitazame?"

Kitufe kile ni changu. Nilikiandika mwezi wa saba,
Ghala, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikidondosha maji
kwenye ndoo ya rangi,
na Biju akipuliza karaki yake, akiniambia
usijali, kazi itakwenda.
Ilikwenda. Ilikwenda mara nne.

Usiku nikafungua msimbo, nikapekua.
Nilikuwa nimeandika: fanya baada ya sifuri.
Milisekunde sifuri! Asomaye atadhani ni sasa.
Lakini mimi nimelelewa kwa Kiswahili, nilipaswa kujua.
Sifuri ile ni "nakuja sasa hivi" ya mjomba Hilali,
aliyoisema kwenye simu akiwa bado Nizwa,
hajatafuta hata kiatu.
Si sasa. Ni wakimaliza waliotangulia,
foleni ikiisha, mkono ukiwa mtupu,
ndipo nitakapokukumbuka.

Maana kioo kina uzi mmoja tu.
Hili shangazi analijua kuliko mimi:
miaka arubaini anashona kofia sebuleni Al Khodh,
tundu kwa tundu, sindano moja.
Ukimsemesha katikati ya tundu hageuki;
anamaliza, anakata uzi kwa jino,
kisha, "Ulikuwa unasemaje?"
Mimi niliutwika uzi ule orodha nzima ya madaktari,
picha zao, vyeti vyao, ramani ya maegesho,
na mibonyezo minne ikapanga foleni mlangoni,
kila mmoja na haki yake,
kila mmoja ukahudumiwa.

Nikajaribu subira. Nikaandika: kidole kikigusa,
ngoja robo ya sekunde; kikirudi, hesabu upya;
kikitulia ndipo utende.
Kwa kidole changu ilikuwa dawa.
Chake kinatetemeka tangu mwaka juzi, hakitulii.
Hesabu ikaanza upya, ikaanza upya,
na safari hii hakupata hata miadi moja.

(Kuna jibu jingine lilirudi ukurasa umeshafungwa.
Likagonga, likakuta mlango hauna nyumba.
Hilo nililifuta bila kulisimulia kazini.
Nami pia kuna mtu niliyemwambia nitakupigia.)

Ijumaa, kwake, baada ya wali na papa mkavu,
nimeinamia kompyuta mkekani, akaniita toka jikoni.
Sikujibu, nilikuwa kati ya mstari.
Akaita tena. Akaita.
Mara ya nne alitokea mwenyewe, mwiko mkononi:
"Hukufunzwa wewe? Nani kakwambia uje?
Nilitaka uitike.
Mtoto wa kike akiitwa husema labeka,
kisha ndiyo atafute viatu."

Sikungoja Jumapili.
Sasa kitufe kikiguswa, kabla ya mtandao,
kabla hakijajua kama daktari yupo au yuko Salala,
kinabadilika rangi pale pale chini ya kidole,
kinajikomea, kinaandika neno moja.
Kazi yenyewe inafuata nyuma, kwa zamu yake,
na ikichelewa, imechelewa kwa adabu.
Biju aliuliza kama neno hilo limo
kwenye mkataba wa wateja.
Nikamwambia halimo, lakini Maskati nzima inalielewa.

Jana shangazi alibonyeza. Mara moja.
Akasoma, miwani puani: "Labeka."
"Ehe," akakiambia,
akailaza simu juu ya kofia isiyokwisha,
akangoja.