Waya wa Tatu

Umeitua mezani kama maiti ya mtu mfupi,
ampli ya baba yako. Kitambaa kimeliwa na nondo,
mkanda wa kubebea umekatika upande mmoja.
Ukaniambia, "Fundi, sauti usiiguse."
Nderingo, mimi sauti siigusi.
Natafuta kinachoua.

Tazama plagi hii: miguu miwili.
Iliingia ukutani vyovyote, kulia au kushoto,
kama mlevi asiyeujua mlango wake,
na siku ilipoingia kinyume
bati lote hili la chini lilikuwa hai,
na nyuzi za gitaa, na vidole vilivyozishika.
Na hiki kidude cha kahawia, kidogo kama buni,
kimeunganisha njia ya umeme na bati.
Waliokiweka walitaka kipunguze mvumo.
Kikioza, kinapunguza watu.

Unanihadithia ukumbi wa Majengo, Jumamosi,
baba yako anasogelea maiki,
midomo inagusa chuma, mwili unaruka,
kichwa nyuma, na watu wanapiga kelele:
"Mzuka umempanda Anaeli!"
Wanambandika noti kwenye paji la uso.
Ulikuwa na miaka saba. Ulipiga makofi nawe.

Nimekaa kimya, bisibisi mkononi.
Alikufa kwa kisukari, umesema, kitandani kwake.
Basi alinusurika mara mia mbili
na hakuijua hata moja.

Sasa simama mbali.
Hata ikichomolewa wiki nzima, kapasita hizi
hutunza volti mia nne kama mtu anavyotunza kinyongo.
Nazimwaga taratibu, mkono mmoja mfukoni,
naangalia mita: mia tatu, themanini, kumi na mbili,
bado,
bado,
sifuri. Ndipo naingiza vidole.

Waya wa zamani nimeukata, mpira wake
umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Nimeweka wa nyaya tatu. Fyuzi iko kwenye njia ya moto,
kabla ya swichi. Kidude cha kahawia
kimo kwenye kopo la maziwa, ukikitaka.
Na huu wa kijani wenye mstari wa njano
nimeufunga kwa boliti yake peke yake,
nikaikwangua rangi hadi bati likang'aa.
Siku zote hauna kazi.
Unangoja siku moja.

Nyuma ya karakana, hapa Pasua,
nimegongomea fimbo ya shaba, mita mbili chini.
Kiangazi udongo hukauka ukawa mbishi,
kila asubuhi naumwagia maji ya kuoshea vyombo.
Umeme ukipotea njia, ushukie humo.
Ukauliza, "Na ardhi haishibi?"
Nikakikumbuka kihamba chenu Kibosho,
sementi mbichi kati ya migomba.
Nikasema, sijaiona ikikataa kitu.

Vali zimewaka, rangi ya kaa la mwisho jikoni.
Umeshika gitaa. Umesogelea maiki,
ukafumba macho kama yeye,
ukaigusa kwa midomo.

Hakuna kitu.
Sauti ni ileile, nzito, na kikohozi chake chini.
Lakini umebaki pale, midomo juu ya chuma,
muda mrefu kuliko wimbo,
kama mtu aliyebisha hodi na hakuitikiwa.

Mimi nikajifanya natafuta skrubu sakafuni.