Ndoo, Sufuria, Kopo

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Kwetu Limbani dalili ni Bi Mkasi,
ukelele wake mmoja tu: "Anueni!"
na mtaa mzima tuko mbio kambani,
huyu na shuka, huyu na sare za skuli,
mimi na kanga, nafika ndani natazama,
kumbe si yangu.

Basi komeo likapigwa,
na siku ikawa yetu.

Nimetoka zamu ya usiku, niliazimia kulala.
Nani alale?
Bati limepata wageni,
wote waingia pamoja, hakuna aliyepiga hodi.

Paa letu lina matundu matatu.
Nayajua kama nnavyojua magego yangu.
La ukumbini nalitegea ndoo,
la juu ya kitanda, sufuria,
la jikoni, dogo, lisilo haraka,
kopo la maziwa.
Ndoo yasema du, du.
Sufuria, teng.
Kopo hungoja mpaka umelisahau,
ndipo litie neno lake:
ti.
Kila kaskazi Shaame huapa atapanda azibe.
Kila masika namshukuru Mungu hakupanda.

Mkaa leo una kiburi.
Umelowa, wafuka, watutoa machozi,
Biubwa aupepea kwa kawa,
augombeza kama mtu mzima,
hata ukakubali.
Tukatia shelisheli zima, na ganda lake,
likaungua jeusi tii,
na lilipopasuliwa
mvuke ukatoka kama siri ya ndoa.
Pilipili, chumvi, ndimu nusu.
Mchaichai wa chai sikuufuata nje:
nimenyoosha mkono dirishani, nikakata,
mkono ukarudi umekoga.

Shaame kakaa penye mwanga,
kofia ya viua gotini.
Kiua kimoja, kikohozi kimoja,
kiua kimoja, kipande cha shelisheli.
Kofia hii ilitakiwa Idi iliyopita.
Kichwa cha mwenyewe kimengoja, na kitangoja.

Simu. Zuwena, dada yangu, Maskati.
"Nasikia kitu huko. Nini hicho?"
"Mvua."
"Uongo! Wakaanga samaki."
Nikapanda juu ya kiti,
nikainua simu mpaka karibu na bati,
mkono ukaniuma, sikuushusha.
Kisha nikaiinamisha ndooni.
Kisha kitandani, kwenye sufuria.
Akanyamaza. Halafu, taratibu:
"Na kopo? Lile kopo bado lipo?"

Lipo.

Tukangoja, yeye kule, sisi huku,
bando likienda zake.
Biubwa kajiziba mdomo kwa kiganja.
Shaame kaishika sindano hewani.
Hata chai haikunyweka.

Ti.

Maskati mtu kacheka mpaka kapaliwa.

Hakusema jingine la maana.
Kauliza bei ya chooko.
Kauliza mguu wa Bi Mkasi, kama umepoa.
Kasema huko jua limewaka toka asubuhi,
wala hakulisema kwa ubaya.

Alasiri mvua ikapungua, haikuaga.
Vyura wa bondeni wakashika zamu,
nami zamu yangu ya usingizi ikanifika.
Nimelala upande upande,
miguu nimeikunja kuipisha sufuria,
imekaa katikati ya kitanda kama mtoto wa mgeni.
Nywele zanuka moshi.
Mkono wangu mmoja bado wauma, utamu wake naujua.
Nimejifunika ile kanga isiyo yangu,
na sasa tu, macho nusu,
naona ni ya Bi Mkasi, nalisoma jina lake:

CHANGU KITARUDI.

Kitarudi, bibi.
Mvua ikianuka.